Siku moja maishani mwangu: kati ya kiwele cha ng'ombe na ziwa la mama

Alhamisi iliyopita niliamka saa kumi na nusu alfajiri hapa Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako ninasomea shahada ya uzamivu katika fiziolojia ya utoaji wa maziwa. Theluji ya Januari ilikuwa imefunika njia ya kwenda bandani, nami sikuvua glovu mpaka nilipofika, kwa sababu kazi yangu ya kwanza huhitaji kiganja chenye joto: kushika masikio ya kila ng'ombe aliyezaa usiku. Sikio la baridi ni mojawapo ya dalili za homa ya maziwa, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, hauna homa. Ni upungufu wa kalisi, yaani kalsiamu, katika damu.

Saa kumi na mbili nilimkuta ng'ombe mmoja wa aina ya Holstein, wa uzao wa tatu, amesimama, masikio yamepoa. Nilimtoa damu mkiani kabla hajakamuliwa. Kilo 10 za dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hubeba takriban gramu 23 za kalisi, ilhali damu yake yote kwa wakati mmoja ina gramu 3 hivi. Pengo hilo lazima lizibwe upesi na mifupa na utumbo, na mwili ukichelewa, ng'ombe hulala chini akakunja shingo ubavuni. Nilimwona ng'ombe wa mama katika hali hiyo kule nyumbani Rungwe, Tanzania, nilipokuwa na miaka 11. Tulidhani amevunjika mgongo, na daktari wa mifugo alipofika, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa.

Saa tatu mashine ilionyesha miligramu 7.4 za kalisi kwa desilita, chini ya 8.5 tunayoihesabu kuwa mpaka, naye akapewa kalisi ya kumeza. Asubuhi iliyobaki nilipima serotonini, kemikali ambayo seli hutumia kupelekeana ujumbe, katika sampuli za damu za wiki nzima. Wengi huijua serotonini kwa kazi zake katika ubongo, lakini mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba tezi ya maziwa hujitengenezea yake. Baadaye Laura Hernandez na wenzake katika chuo kikuu cha hapa walionyesha kwamba serotonini hiyo huichochea tezi kutoa homoni inayofanana na ile ya paratairoidi, tezi ndogo za shingoni, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye mifupa na kuiamuru iachie kalisi. Kiwele, basi, hutuma mjumbe wake mwenyewe kwenda kudai kalisi, na ziwa la mwanamke hufanya vivyo hivyo. Jambo hilo ndilo lililonivuta kuja huku.

Saa saba mchana, ambayo nyumbani ni saa nne usiku, nilimpigia dada yangu anayenyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, huyu mtoto ananinyonya hadi mifupa, au ni mawazo yangu tu?" Nilimweleza kwamba mama anayenyonyesha anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 10 ya madini ya mifupa yake katika miezi sita, kwamba kuongeza kalisi katika chakula hakuzuii hali hiyo, na kwamba mtoto akishaachishwa ziwa mifupa hujijenga tena. Nikamsihi asimwachishe kwa hofu hiyo.

Alasiri nilisoma kuhusu akina mama wanaotumia dawa za sonona zinazoongeza nguvu ya serotonini, ambao kwa baadhi yao maziwa hukawia kushuka. Suala hili hunigusa sana, kwa kuwa mama wa aina hiyo anahitaji dawa yake na pia anahitaji mkunga anayejua kwamba kuchelewa huko kuna sababu, ili amsaidie badala ya kumlaumu.

Saa tatu usiku nilirudi bandani. Masikio ya yule Holstein yalikuwa na joto, naye alikuwa amelala akicheua.