Kamera ya Buster Keaton ilikaa mbali

Wiki hii nzima nalala usiku wa manane, kisa Buster Keaton, mchekeshaji na mwongozaji Mmarekani wa enzi za sinema zisizo na sauti. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sendoff, kwa hiyo siwezi tena kutazama sinema kama watu wengine. Jicho linakimbilia kamera imesimama wapi na shoti imekatwa mara ngapi. Kwa Keaton nimekwama hapohapo: hakati. Mtu anakimbia, anaruka, anaanguka, anainuka, na muda wote kamera imetulia mbali, inamwonyesha kuanzia kofia hadi viatu. Wanaomwandika huanza na ule uso wake usiocheka. Uso umesifiwa mno, kwa maoni yangu. Mimi namsifu kwa kujua kamera iwekwe wapi.

Alizaliwa Kansas mwaka 1895, wazazi wake wote wawili wasanii wa majukwaani. Akiwa bado mtoto mdogo, baba yake Joe alikuwa akimrusha huku na kule mbele ya watazamaji, na nguo zake zilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili ashikike vizuri. Leo baba yule angelala ndani. Lakini humo ndimo mtoto alimojifunza kwamba akianguka kisha akacheka, ukumbi unanyamaza; akianguka akakausha uso, watu wanavunjika mbavu.

Mwaka 1917 jijini New York alikutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa akiigiza na kujiongoza mwenyewe. Alivyosimulia baadaye, jambo la kwanza lilikuwa kuazima kamera na kuifungua kipande kipande aone inavyofanya kazi. Nikampenda papo hapo. Kufikia 1920 mtayarishaji Joseph Schenck alikuwa amempa studio yake. Yeye na wenzake walitafuta kwanza mwanzo wa hadithi na mwisho wake; katikati walipatafuta wakiwa kazini, na wazo likigoma, wote walitoka nje kucheza besiboli mpaka lije.

Filamu niliyoirudia kuliko zote ni Sherlock Jr. ya 1924. Kijana anayeendesha mashine ya sinema anasinzia, na katika ndoto anatembea hadi kwenye skrini na kuingia ndani ya picha. Hapo mandhari inaanza kubadilika chini ya miguu yake: bustani, barabara yenye magari, simba wamemzunguka, mwamba katikati ya bahari. Anajirusha majini, anatua kichwa kwenye theluji. Kila mahali palipigwa siku yake, na ili mwili wake uonekane haujasogea hata kidogo, walipima umbali kati yake na kamera kwa vifaa vya wapima ardhi. Mimi nina kitambaa cha kijani na programu ya kuhariri, na bado nikimweka bwana harusi mbele ya maporomoko ya maji anaonekana amebandikwa.

Kwenye filamu hiyohiyo ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli. Maji yalimshukia kwa nguvu kuliko alivyotarajia, shingo ikagonga reli. Kichwa kilimuuma, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari akitazama picha ya eksirei aliona kwamba shingo iliwahi kuvunjika na kupona yenyewe. Shoti ile imo ndani ya filamu, na ukiitazama anainuka anakimbia zake.

Kwenye vibanda vya video tulizoea kusema steringi hafi. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928 steringi angeweza kufa kweli. Upepo wa kimbunga unaangusha ukuta wote wa mbele wa nyumba, takriban tani mbili, na yeye amesimama chini yake. Dirisha la juu lililo wazi linampitia, nafasi imebaki inchi chache kila upande. Jina la mwongozaji linalosomeka ni Charles Reisner, lakini mkono ni wa Keaton. Shoti hiyo ingekatwa mara moja tu, tungesema ni ujanja wa mhariri.

Kuna kitu kinanikera, nacho nakisema. The General ya 1926, ile ambayo treni halisi inatumbukia mtoni huko Oregon pamoja na daraja linaloungua, imetengenezwa kwa ufundi wa ajabu. Ila shujaa wake yuko upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliopigania utumwa ubaki, na filamu haioni tatizo lolote. Katika College ya mwaka uliofuata Keaton anajipaka rangi nyeusi usoni ajifanye mhudumu mweusi. Hapo sikucheka. Niliruka mbele.

Mwaka 1928 alifunga studio yake akaenda kuajiriwa MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Mchekeshaji mwenzake Charlie Chaplin alimwonya asiende, na Keaton mwenyewe baadaye alikiri kwamba hakuwahi kukosea vile maishani. Sasa kila kitu lazima kiandikwe kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kipitishwe na wakubwa. The Cameraman ilitoka nzuri, kisha sauti ikaingia na akageuzwa mropokaji. Kinachoniuma ni kwamba filamu zile za sauti ziliuza, hata kuliko kazi zake bora. Nani angewaambia wakubwa wamekosea? Ndoa ikavunjika 1932, pombe ikashika usukani, na 1933 akafukuzwa. Alirudi baadaye palepale kuwatungia wengine vichekesho kwa dola 100 kwa wiki, yeye aliyelipwa 3,000.

Nimemalizia na The Railrodder, iliyopigwa nchini Kanada mwaka 1964, Keaton akikaribia miaka 70. Anavuka nchi nzima kwa kigari kidogo cha reli. Alitaka apite juu ya daraja refu akiwa amefunikwa na ramani kubwa iliyomzonga mwili mzima, haoni mbele wala nyuma. Mwongozaji Gerald Potterton, kijana mwenye heshima zake, aliogopa, akapanga kichekesho kingine kisicho na hatari. Walikuwapo watu wa kamera ya pili wakirekodi utengenezaji wenyewe, kwa hiyo tunamwona mzee ndani ya behewa amekasirika, anaeleza kwamba pale darajani panataka ramani na si kitu kingine. Hapandishi sauti sana. Anachora hewani kwa mikono: daraja hapa, kigari hapa, mimi hapa.

Wakapiga alivyotaka. Daraja lote linaonekana, na yeye ni kijitu kidogo kinachopigana na karatasi.