Hori ya ng'ombe wa mama

Huu ni mwaka wa tisa niko huku Minnesota na kila Krismasi watu wanajaa kwetu, makoti na viatu mlangoni mpaka kupita kazi, wanaume wako gereji wanachoma nyama na baridi lote hili, jikoni mashemeji wanageuza pilau, watoto wanachana makaratasi ya zawadi, muziki juu. Napenda sana. Sisi watu wa Kilimanjaro tumelelewa hivyo, Desemba ikifika mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa, mbuzi anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inatengenezwa, sasa huku usipokusanya watu upweke unakumaliza.

Leo asubuhi tukampigia mama vidio kol, huku saa mbili, kule saa kumi na moja jioni, tukamkuta analisha ng'ombe. Binti yangu wa miaka saba alikuwa malaika kwenye igizo la kanisani, akamwamkia halafu akauliza, bibi, hori ni nini? Maana yeye hori aliyoiona ni kikapu kisafi kina taulo jeupe na mdoli. Mama akageuza simu tu. Tukaona lile gogo lililochongwa katikati, limelambwa miaka na miaka mpaka limekuwa laini, mgomba uliokatwakatwa, mate ya ng'ombe yananing'inia, nzi. Mtoto kimya. Yesu alilala humo? Mama akamwambia humo humo mjukuu wangu, na mama yake yuko ugenini.

Aisee. Luka 2 naisikia tangu sandei skuli lakini hori hiyo nimekua naisafisha mimi, najua harufu yake inavyong'ang'ania kwenye sweta la shule mpaka wenzako wanajua umetokea bandani, na sikuwahi kuwaza kwamba Mungu alikubali mwanawe apokelewe hapo. Yusufu na Mariamu walitoka Nazareti kwa ajili ya kuandikishwa, mambo ya serikali, halafu si muda wanakimbilia Misri usiku na mtoto mdogo. Mimi nimehangaika na makaratasi, nimelala kwenye kochi la watu miezi minne, kwa hiyo nikiambiwa huyu Mtoto ananijua naamini kabisa.

Kabla ya kula nikazima muziki nikamwomba binti asome, Kiswahili chake cha kukwamakwama. Alipofika kwenye hori akasimama akawaeleza wageni, ina mate ya ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Akaendelea, hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na kijana mmoja aliyefika huku Novemba, bado amehifadhiwa kwenye besimenti ya watu, akaweka sahani chini akatoka kwenda gereji. Nikamfuata. Tukasimama pale kwenye moshi wa nyama bila kuongea, baadaye akasema na yeye anaomba aione hiyo hori. Kule ilishakuwa usiku, mama amelala, nikamwambia njoo kesho saa mbili asubuhi, tutampigia.