Saa ya marehemu baba ilivyonigombanisha na nahodha

Saa yenyewe ni Roamer ya kujaza, ya Uswisi, vito 17 (vijiwe vya ndani vya kupunguza msuguano), haina betri. Baba alipofariki ilikaa kabatini kwenye bahasha ya khaki miaka na miaka, hadi siku simu yangu ilipotumbukia ziwani pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikipokea magunia ya dagaa. Nikaona basi, niivae.

Mwanzoni niliijaza ovyo. Nikikumbuka nazungusha, nikisahau inasimama. Tena niliijaza ikiwa mkononi, gumba likikisukuma upande kile kifundo cha pembeni. Na tangu utotoni tulikuwa tukionywa: usizungushe sana, utakata springi. Kwa hiyo mara nane, tisa, naiacha. Usiku nikiitazama, iko kimya.

Kisha ikaanza kukimbia. Dakika ishirini kwa siku, na zaidi. Asubuhi moja nilimfokea nahodha wa boti iliyotoka Ukara, mbele ya wapagazi, kwamba kanichelewesha karibu nusu saa. Hakunijibu. Alitoa simu yake mfukoni akanionyesha. Mmoja wa wapagazi ilibidi atue gunia ili acheke vizuri.

Nikajua nimeiharibu kwa kuijaza. Nikaipeleka mjini kwa fundi saa mmoja, mzee mwenye kimeza cha kioo barazani pa duka la vitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

Nilipomweleza, hata hakuifungua. Alitoa dira ndogo mtotoni mwa meza, akaiacha sindano itulie, kisha akaisogeza saa karibu. Sindano ikageuka, ikaifuata saa kama kifaranga.

"Usiku unailaza wapi?"

"Juu ya spika ya redio."

"Haya."

Akanieleza kwamba ndani mna springi mbili. Kubwa ndiyo ninayoijaza, hiyo ni nguvu tu. Ya pili ni nyembamba kama unywele, imejiviringa, na ndiyo inayopima mwendo: saa yangu inapiga mara tano kila sekunde, mara 18,000 kwa saa. Ile nyembamba ikishika sumaku, kama ya kwenye spika, mizunguko yake hugandana. Inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi hupiga haraka. Kumbe kujaza kwangu hakukuhusika kabisa! Akachomeka kwenye umeme kijidude cha kuondoa sumaku, chenye koili ya waya, akaipitisha saa juu yake, akaivuta polepole kwenda mbali, akairudisha penye dira. Sindano ikabaki palepale.

Halafu akanipa somo la kujaza, na hili naona wengi hatulijui. Vua saa kwanza, maana ukiisukuma upande ikiwa mkononi unapinda ule mhimili mwembamba wa kifundo. Zungusha mbele kwa gumba na shahada, taratibu. Mwanzo ni laini, kri-kri-kri. Ukifika kwenye ishirini na kitu unahisi uzito kwenye ncha za vidole, kisha inagoma. Hapo acha, usilazimishe hata nusu mzunguko. Kujaza mpaka hapo hakuikati. Ikijaa inakwenda kama siku moja na nusu. Mimi na mizunguko yangu tisa nilikuwa nailisha theluthi ya chakula chake.

Sasa naijaza kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai. Inapoteza dakika moja hivi kwa siku, nami nairekebisha kwa taarifa ya habari redioni. Usiku inalala kwenye kikombe cha bati, mbali na spika. Kwenye barafu ya sangara naivua. Nahodha bado ananiuliza majira kila akitia nanga, na simu yake iko mkononi.

Mwezi uliofuata nilimrudishia fundi aioshe, maana mafuta yalikuwa yamekauka. Alipofungua mfuniko wa nyuma akaniita nichungulie kwa lenzi yake. Ndani ya mfuniko palikuwa na tarehe tatu zilizochorwa kwa sindano, kila moja kwa mkono wa fundi mwingine, ya mwisho 1994. Baba hakuwahi kutuambia kuwa aliipeleka popote. Mzee akachukua sindano yake, akachora ya nne chini yake.