Pesa za Maafa Hukwama Wapi

Kimbunga kikishapita, kabla hata hasara haijahesabiwa, hazina huulizwa kama ina pesa za mafuta ya malori na mishahara ya mwezi huu. Maduka na bandari vikifungwa, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha hukauka wiki hiyohiyo, wakati matumizi yanapanda.

Njia inayokimbiliwa ni kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine. Huonekana ya bure, kumbe ina bei yake. Mishahara na riba za madeni haziguswi, kwa hiyo kisu huangukia fungu la maendeleo. Mkandarasi wa barabara asipolipwa hati zake za malipo kwa wakati, kwa kawaida mkataba humruhusu kudai riba na hata kusimamisha kazi. Mwakani barabara ileile inalipiwa ghali zaidi.

Dawa ni kupanga fedha kwa tabaka: mafuriko ya kila mwaka yabebwe na fungu la dharura, maafa ya wastani yabebwe na mkopo uliosainiwa mapema, na yale makubwa ya nadra ndiyo yakatiwe bima. Ukikatia bima kitu kinachotokea kila mwaka, unairudishia kampuni pesa yako pamoja na faida yake.

Bima za maafa ambazo serikali hukata siku hizi nyingi ni za faharasa, yaani hufuata kipimo. Hazikagui nyumba iliyoanguka. Hulipa upepo au ukame ukivuka kiwango kilichoandikwa. Ndiyo maana ni za haraka. Baada ya kimbunga Maria, Septemba 2017, Dominica ililipwa takriban dola milioni 19 na mfuko wa bima wa Karibi. Hasara ilikuwa kama dola bilioni 1.3, zaidi ya mara mbili ya pato la taifa la mwaka. Kwa kila dola iliyopotea, hata senti mbili hazikufika.

Na zikikosea! Malawi ilitangaza janga la ukame Aprili 2016, lakini modeli ya bima, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria hasara, ikasema hakuna cha kulipa. Kosa lilikuwa kwenye mbegu: modeli ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya kuchelewa kukomaa, kumbe wengi walipanda ya muda mfupi, na mvua ikikatika mahindi hayo huumia kwa namna nyingine. Dola milioni 8.1 zilikubaliwa Novemba, njaa ikiwa imeshaingia. Kabla ya kusaini mkataba wa bima, ukurasa wa vigezo vya modeli apewe bwana shamba ausome. Mwanasheria peke yake hataliona kosa la namna hiyo.