Mgeni wa Kilti kwenye Mlango wa Bibi Harusi

Mwanamume wa Tanga aliyezoea kuvaa msuli hujua tangu utotoni kwamba vazi hilo lina adui mmoja mkubwa, naye ni binamu. Upepo wa baharini hauufungui msuli uliokazwa vizuri, wala kupanda baiskeli hakuulegezi. Lakini mtoto wa shangazi anayepita nyuma yako wakati umebeba sinia la pilau kwa mikono miwili anaweza kukuaibisha mbele ya mtaa mzima kwa kuvuta pindo moja tu. Ndiyo maana watu wazima wa ukoo wetu huvaa kaptula ndani, na wazee walio waangalifu zaidi hufunga mkanda juu ya pindo, hasa siku ya harusi, ambayo utani hupewa nafasi usiyoipata siku nyingine.

Basi katika harusi ya mdogo wangu, iliyofanyika Ngamiani, alikuja mgeni kutoka Uskoti aliyewahi kufanya kazi pamoja na bwana harusi, naye akashuka kwenye bajaji amevaa kilti kamili: sketi ya sufu yenye miraba, soksi ndefu zilizofika magotini, na mkoba wa ngozi ulioning'inia mbele kwa mnyororo. Kilti ya namna hiyo hushonwa kwa kitambaa kinachokaribia mita saba, nyuma yote ni marinda, na sufu yake ni nzito. Mtu anayelijua joto la Tanga ataelewa kwa nini jambo la kwanza alilofanyiwa lilikuwa kupewa kiti karibu na feni na madafu mawili. Jambo la pili lilikuwa swali. Shangazi yangu mkubwa, ambaye katika shughuli zetu ndiye msemaji wa mambo ambayo wengine wanayaonea haya, alimtuma mkalimani amuulize mgeni amevaa nini ndani.

Mgeni alicheka kwa namna ya mtu ambaye ameulizwa swali hilo maisha yake yote, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Kwao kuna mzaha mkongwe unaosema kwamba Mskoti wa kweli havai kitu chini ya kilti, mzaha ambao umehusishwa sana na askari wa vikosi vya Uskoti, na wengi hulijibu swali hilo kwa swali au kwa kejeli ili siri ibaki siri. Mwaka 2010 mkurugenzi wa Scottish Tartans Authority, taasisi inayoshughulikia vitambaa hivyo vya miraba, alisema hadharani kwamba kutovaa chupi chini ya kilti ni mambo ya kitoto na ni uchafu, akizifikiria hasa kilti za kukodi ambazo leo huvaliwa na huyu na kesho na yule. Wenzake wengi walikasirika. Mimi namuunga mkono, na nadhani kila mwenye duka la kukodisha suti za harusi pale mjini angemuunga mkono pia.

Kinachonivutia ni kwamba vazi hili linalochekwa leo liliwahi kuwa kosa la jinai. Baada ya uasi wa mwaka 1745 huko Uskoti na kushindwa kwa waasi katika vita vya Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya nyanda za juu, isipokuwa wale waliokuwa jeshini, na aliyekamatwa kwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Aliyerudia angeweza kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1782. Kisha, mwaka 1822, Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpangaji wa shughuli, mfalme mwenyewe alivaa kilti, tena fupi kupita kiasi, na ndani yake akavaa soksi ndefu za kubana zenye rangi ya waridi. Wachoraji wa vibonzo walipata kazi ya kutosha. Vazi lililowafunga watu gerezani lilikuwa sasa limevaliwa na mfalme, na mfalme amekuwa kichekesho. Nikamwambia mgeni kwamba huyo George angefika Ngamiani siku ya harusi asingetoka salama.

Hata hivyo, si kila anayevuta nguo ya mtu anafanya utani, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale walioyaona yaliyotokea baadaye harusini na kusema kwamba mzaha ni mzaha popote. Katika mji wa Inverness, mwaka 2017, ilitangazwa kwamba wahudumu wa kiume wa baa moja walikuwa wameacha kuvaa kilti wakati wa kazi kwa sababu wateja wa kike waliolewa walikuwa wakiziinua ili wajionee wenyewe. Kijana yule amebeba trei, ameajiriwa, na anayemwinulia nguo ni mteja asiyemjua, ambaye kesho atakuwa amekwenda zake. Hawezi kumrudishia. Sheria ya Uskoti imeliona jambo hilo: tangu mwaka 2010 kumchungulia kwa kamera au kumpiga picha mtu chini ya nguo bila ridhaa yake ni kosa, na kilti imo katika ulinzi huo sawa na sketi ya mwanamke.

Utani wetu una mwenyewe. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1940, alieleza kwamba ni uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa, na mahali pengine analazimika, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asichukie. Mtu wa Pwani hahitaji kusoma maandishi hayo ili ajue kwamba mtoto wa mjomba ni mtani, shemeji ni mtani, babu na mjukuu wake ni watani, na kwamba Wanyamwezi waliofuata misafara ya biashara hadi pwani waliingia katika utani na makabila ya huku. Watani hao huweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka walipwe, na hakuna mfiwa atakayewapeleka polisi. Lakini haki hiyo ina deni ndani yake. Anayekuvua kofia leo anajua kwamba kwenye msiba au harusi ya kwao nawe utakuwepo, na utakachomfanyia kitakuwa halali kama alichokufanyia yeye. Bila deni hilo, kinachobaki ni uchokozi, na wahenga walishaonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. (Watani wa jadi wa mpira, Simba na Yanga, nawaacha nje ya hoja hii, maana huko deni halijawahi kulipwa likaisha.)

Swali la jioni ile lilikuwa hilo hasa: nani ni mtani wa nani. Mlangoni kwa bibi harusi, kama desturi ilivyo, mabinamu zake walifunga mlango na kudai kifungua mlango kabla bwana harusi hajaruhusiwa kuingia. Katika ukoo wetu mazungumzo hayo huchukua muda mrefu, na wakati wazee wanapatana bei vijana wa upande wa bibi harusi huwazunguka wenzao na kuwapokonya kofia, viatu na, kwa asiyejihadhari, msuli. Kila kilichochukuliwa hukombolewa kwa fedha. Kijana mmoja, fundi wa mchezo huo, alimwona mgeni, akaona sketi, akaona mshiko.

Shangazi yangu alimzuia kwa fimbo. Alisema mgeni si mtani wa mtu, kwa hiyo haguswi, na akaongeza maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Zikafuata hoja za pande zote mbili, kila mmoja akiwa mwanasheria, hadi mgeni alipotafsiriwa mgogoro uliokuwa ukiendelea juu ya nguo yake, akasema kwamba yeye amekuja kama ndugu wa bwana harusi na anaomba ahesabiwe hivyo. Kwa neno hilo akawa shemeji wa nyumba ile, na kwa neno hilo hilo akawa windo halali. Kijana akavuta. Haikutoka. Kilti haifungwi kwa pindo kama msuli: ina mikanda ya ngozi na vifungo vya chuma kiunoni, na sehemu mbili za mbele hulaliana, hivyo anayeivuta chini anamvuta mwenye kilti mzima. Pini kubwa iliyoonekana mbele, ambayo yule kijana aliing'ang'ania akidhani ndiyo kufuli, imechomekwa kwenye kitambaa cha juu tu, ikiongeza uzito ili upepo usikifunue. Watu walicheka mpaka wapiga dufu wakapoteza mpigo, na mgeni akadai fidia ya usumbufu.

Fidia aliichukua mwenyewe kesho yake asubuhi. Uskoti wana mzaha wao wa tarehe 1 Aprili ambao humtuma mtu apeleke barua iliyofungwa, akiambiwa ni ombi la msaada wa haraka. Ndani imeandikwa kwamba msomaji asicheke wala asitabasamu, bali ampeleke mjinga huyu maili nyingine mbele, na kila anayeifungua humwelekeza tarishi kwa mwingine. Aprili ilikuwa mbali, lakini mgeni aliona kwamba kalenda isimnyime haki yake. Bwana harusi aliandika barua kwa Kiswahili, yule kijana akaitwa kwa heshima zote na kuombwa aipeleke haraka kwa mjomba wetu Barabara ya Nane, jambo la ukoo. Mjomba akaisoma kwa uso mkavu, akamtuma Chumbageni. Chumbageni wakamtuma Makorora. Kutoka Makorora alipelekwa hadi Raskazone kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, na huko ndiko mtoto wa darasa la tatu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwingiza katika njama, alipomsomea kwa sauti.

Nauli hiyo ndiyo inayozungumzwa sasa. Upande wa bibi harusi unaidai kwetu, sisi tunasema ilikwisha kulipwa kwa kilti iliyovutwa, na mgeni ameandika kutoka kwao kwamba atailipa mlangoni, siku kijana huyo atakapooa, naye akija na soksi za waridi.