Nilivyoifikisha Intaneti Ghorofa ya Tatu katika Nyumba ya Mawe

Kwa muda wa miezi minane kila niliyemuuliza alinijibu kwamba dawa ya intaneti inayosota ni kununua kifurushi kikubwa zaidi, nami nikatii. Nilipanda kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, malipo ya mwezi yakakaribia mara mbili, na bado binti yangu, ambaye masomo yake mengi ya chuo huyapata mtandaoni, alikuwa akiiona sura ya mwalimu wake ikiganda kabla sentensi haijaisha. Ushauri ule uliniudhi, na unaniudhi hadi leo, kwa sababu wapo watu wengi wanaolipia kasi isiyofika vyumbani mwao.

Nyumba yetu imo Mji Mkongwe, Unguja, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Nilipoupima unene penye dirisha nilipata sentimita 55. Ruta iko chini, karibu na mlango, kwa kuwa ndipo waya wa faiba unapoingilia. Siku niliyochoka na majibu ya watu niliiunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikazima waifai ya simu zote, nikapima kasi: 19. Kampuni ilikuwa ikinipa karibu yote niliyoyalipia. Chumba cha pili nilipata 11, na ghorofa ya tatu, kwa binti yangu, moja na nusu. Mawimbi ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hayakuwa yakifika huko kabisa, na yale ya gigahezi 2.4 yalifika yakiwa hoi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano, na hakuna fundi hata mmoja aliyenitajia.

Basi nikanunua ekstenda, yaani kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena, kwa shilingi elfu sitini na kitu, nikaichomeka chumbani kwa binti yangu. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, tukafurahi, kisha tukapima: moja na nusu, ileile. Kile kifaa hurudia kile kinachokipokea, na kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufa, kinarudia udhaifu uleule kwa sauti kubwa. Nilipokishusha hadi kwenye ngazi, katikati ya safari, kasi ilipanda hadi 4, lakini haikuzidi hapo, maana ekstenda ya aina ile hupokea na kutuma kwa redio moja na hivyo nusu ya nafasi hupotea.

Kilichobaki ni kupandisha waya. Kutoboa kuta sikutaka hata kufikiria: mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na chokaa ya zamani ukiigusa kwa mashine humomonyoka kuliko ulivyokusudia. Lakini kwenye pembe ya nyumba lipo tundu la bomba la maji la zamani, linalopita kando ya boriti kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na bomba lenyewe liliondolewa kitambo. Nilijaribu kusukuma waya kutoka juu. Ukajikunja kwenye boriti za ghorofa ya pili na kukwama. Nikajaribu kuusukuma kutoka chini, ukakwama hapohapo. Jirani yetu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote, alinitazama nikihangaika, akasema, "Mwanangu, kitu hakisukumwi, huteremshwa," akaenda kwake akarudi na mshipi na chubwi.

Chubwi la kwanza lilikuwa la mviringo, likanasa palepale. Mzee akalifungua, akafunga msumari mrefu badala yake, akautikisa mshipi kwa vidole viwili kama anayemngoja samaki aume, na baada ya robo saa hivi mke wangu aliita kutoka chini kwamba msumari umefika. Tuliufunga waya kwenye mshipi kwa utepe, bila kuutia kichwa cha plastiki, kwa kuwa kichwa kina ulimi unaonasa kila mahali. Vichwa nilivitia baadaye, kwa mpangilio uleule wa rangi pande zote mbili. Tuliambatisha pia mshipi wa pili. Nikavuta polepole kutoka juu, mzee akiniongoza, na mita ishirini na kitu za waya zikapanda bila mkwaruzo.

Juu niliweka ruta yetu ya zamani, nikaizuia isigawe anwani za mtandao ili kazi hiyo ibaki kwa ruta ya chini, nikaipa jina na nywila zilezile. Binti yangu akapima: 18.

Ilibaki shida moja, ya saa mbili usiku, ambapo kila kitu kilikuwa kikizorota tena. Vichochoro vyetu ni vyembamba na ruta za majirani hupenyeza mawimbi madirishani, karibu zote kwenye chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi. Nikaihamishia ya chini chaneli ya 1 na ya juu 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Hata hivyo mkosaji mkubwa alikuwa simu zetu wenyewe, zilizokuwa zikipakia picha na video za siku nzima kila zikirudi nyumbani, na njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua hukwama. Sasa simu hupakia usiku wa manane.

Kifurushi nimekirudisha megabiti 10, na kinatosha. Mshipi wa pili umebaki ndani ya tundu, umefungwa juu na chini, kwani mwanangu mdogo atahamia ghorofa ya pili mwakani na ameshaniuliza waya wake utapita wapi.