Panya Yule Yule, Ini Lile Lile

Leo nimeshinda kwenye chumba cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nikiwapima tena panya niliowapima mwezi uliopita, na huku kumrudia mnyama yule yule akiwa hai ndiko kunakonifanya niithamini kazi hii. Zamani, mtafiti aliyetaka kujua jinsi uvimbe wa ini unavyokua alilazimika kuwaua panya kundi baada ya kundi, kisha kulinganisha maini ya wanyama tofauti. Alipata wastani tu, wala hakuweza kujua uvimbe fulani ulianza lini na ulikua kwa kasi gani.

Panya wetu ni madume waliodungwa diethilinitrosamini, kemikali inayosababisha saratani ya ini, wakiwa na umri wa wiki mbili hivi, na uvimbe huonekana baada ya miezi kadhaa. Sumaku yetu ina nguvu ya Tesla 7, ilhali mashine nyingi za hospitali ni za Tesla 1.5 au 3; tunaihitaji nguvu hiyo ili kuona vitu vidogo, kwa kuwa ini tunalolipiga picha lina uzito wa gramu moja na kitu.

Kinachosumbua zaidi ni pumzi. Ini limekaa chini tu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hivyo husogea kila mnyama anapopumua. Tunamlaza kwa hewa yenye dawa ya usingizi iitwayo isoflurani, tunampaka marhamu machoni kwa sababu hayafumbi akiwa usingizini, tunampasha joto maana mwili mdogo hupoa upesi, kisha tunamwekea kifuko kidogo cha hewa juu ya tumbo kinachofuatilia pumzi, ili mashine ichukue vipimo pale tu pumzi inapotulia. Dawa ya usingizi ikizidi, anaanza kutweta kwa kukatakata. Ikipungua, pumzi zinaenda mbio na kingo za ini zinafifia kwenye picha. Asubuhi nzima macho yangu yalikuwa zaidi kwenye mstari wa pumzi kwenye skrini kuliko kwenye picha zenyewe.

Baada ya kumdunga dawa ya gadolini inayofyonzwa na seli za ini zilizo nzima, ini lilianza kung'aa, na uvimbe uliopoteza uwezo huo ukabaki doa jeusi. Doa lililokuwa nukta ya kutiliwa shaka mwezi uliopita, pembeni mwa mshipa, sasa lina takriban milimita mbili.

Nyumbani huniuliza kama kazi hii inahusu sumukuvu ya mahindi, ambayo ikishirikiana na homa ya ini aina ya B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Inahusu, lakini kwa tahadhari: panya mdogo wa aina hii aliyekomaa huistahimili sumukuvu kuliko binadamu, kwa kuwa ini lake huizima haraka, na kemikali tunayotumia ni nyingine kabisa. Picha inanipa ukubwa na wakati. Aina ya seli bado itasemwa na hadubini. Panya huyu atapimwa tena baada ya wiki mbili, na uvimbe ukifikia kipimo tulichokiweka tangu mwanzo, tutamaliza jaribio lake kabla hajaanza kuteseka.